Nimemwomba mteja radhi kwa kifo cha mama yake, sasa nifanyeje?

Shikamoo mwalimu,

Mi ni msomaji wako wa siku nyingi ila sijawahi kuandika, leo nimebanwa. Nafanya kazi ya kujibu wateja kwa chati na imeili, kampuni inauza vitu mtandaoni kwa watu wa nje, kwahiyo kutwa nzima ni Kiingereza. Kiingereza changu ni kile cha darasani, nasoma naelewa, naandika naeleweka, ila kuna vitu naona kabisa vinanipita pembeni.

Shida yangu ni neno moja tu, "sorry". Usicheke kwanza.

Ilianza hivi. Tulikuwa kwenye kikao cha video, bosi wetu Mwingereza akajimwagia kahawa shatini, mi bila kufikiria nikaropoka "Sorry!" kama mtu yeyote mwenye utu. Akaniangalia kwenye skrini akasema "Why? It wasn't you." Wenzake wakacheka. Nikanyamaza ila moyoni najiuliza, hivi hawa watu hawana pole?

Wiki hiyohiyo supavaiza akapitia meseji zangu akasema nimezidisha "sorry", kila mstari sorry sorry, naonekana natapatapa na tena eti naibebesha kampuni makosa yasiyo yake. Akasema tumia "apologise", ndo neno la kiofisi. Nikagugo nikakuta kweli, kwenye orodha ya visawe vya "sorry" imo apologise, imo regret, imo excuse me, imo pardon, imo forgive me, zote zimepangwa pamoja kama mapacha. Nikasema aah kumbe, ni neno lilelile limebadilisha nguo tu.

Sasa juzi mteja akaandika kwamba amechelewa kurudisha bidhaa kwa sababu mama yake amefariki, alikuwa kwenye mambo ya mazishi, anaomba aongezewe siku. Mi kwa huruma zangu zote, na kwa kufuata maelekezo ya mkubwa, nikamuongezea siku na nikamwandikia "We sincerely apologise for the death of your mother." Nikaona nimefanya la maana.

Akajibu mstari mmoja. "Why, did you kill her?"

Mwalimu nilihisi baridi. Ile meseji imefika kwa supavaiza, kutoka hapo imezunguka ofisi nzima, sasa hivi kuna watu wananiita muuaji kwa utani na mi nacheka nao ila inaniuma. Huyo mteja sijamjibu, leo siku ya tatu. Nimjibu au ninyamaze yaishe? Na nieleze kabisa kabisa hili neno lina maana gani, maana nikisema sorry naambiwa si wewe, nikisema apologise naambiwa nimeua.

Ni mimi,
Mtoa Pole

*

Marahaba mdogo wangu, na pole sana.

Umeona? Nimekwambia pole na hujaniuliza "kwani we ndo uliyenifanyia?" Hujauliza kwa sababu kwetu pole haina mshtakiwa. Mtu kajikwaa, pole. Mtu katoka kazini, pole. Mtu kafiwa, pole. Anayeitoa hajasema popote kwamba ana mkono kwenye jambo hilo, amesema tu nimekuona na nimeona lililokupata. Tukikosa sisi wenyewe tunaliacha hilo neno tunachukua jingine, samahani, au nisamehe, au likiwa zito naomba radhi. Mlango huu wa huruma, mlango ule wa kosa, na hata mtoto mdogo hachanganyi, hutamsikia anamkanyaga mtu mguu alafu anasema pole akaishia hapo, na akifanya hivyo anaambiwa palepale, sema samahani!

Waingereza hawana hiyo milango miwili. Wana mmoja, "sorry", na wote wanapitia humo, mwenye huruma na mwenye kosa. Tatizo lako lote linaanzia hapo na wala si ujinga wako, nimewaona watu wenye digrii za lugha wanapigwa chenga na hilihili.

Ngoja nikupeleke nyuma kidogo maana asili ya neno inasaidia. Watu wengi wanadhani "sorry" inatoka kwenye "sorrow", huzuni. Hapana, zimefanana tu zikaishia kuathiriana. "Sorry" kwenye Kiingereza cha kale ilikuwa "sārig", na inatoka kwenye "sār", maumivu, neno ambalo leo bado lipo kama "sore", lile la "sore throat". Kwahiyo "I am sorry" kwa asili yake ni kama kusema naumia. Sasa mtu anaweza kuumia kwa sababu wewe umepatwa, na anaweza kuumia kwa sababu yeye kakukosea, kote huko ni kuumia, ndo maana neno moja likabeba mizigo yote miwili na Mwingereza hakuona haja ya kutafuta la pili.

Njoo kwa "apologise" sasa, hili lililokuua wewe (nakutania). Hili halina ukoo kabisa na sorry. Ni Kigiriki, "apologia", na huko kwao ilikuwa hotuba ya mshtakiwa kujitetea mahakamani. Mwanafalsafa wa Kigiriki, Socrates, alipopelekwa mahakamani Athens mwaka 399 kabla ya Kristo, maelezo ya kesi aliyoandika mwanafunzi wake Plato yanaitwa kwa Kiingereza Apology, na ukiyasoma yote kutafuta mahali mzee anapoomba radhi utachoka bure, haombi. Tena alipotakiwa ajipendekezee adhabu akasema yeye anastahili kulishwa bure kwa gharama za mji. Hiyo ndo apology ya zamani, kujitetea! Waingereza walipolichukua karne ya 16 bado lilikuwa na maana hiyo ya utetezi, taratibu likageuka likawa kukiri kosa na kuomba radhi. Ila kitu kimoja hakikubadilika. Ndani ya neno kuna mshtakiwa. Mtu akisema "I apologise" tayari ameshasimama kizimbani mwenyewe bila kuitwa.

Sasa isome tena sentensi yako ukiwa na hilo kichwani. We sincerely apologise for the death of your mother. Umeelewa sasa alichosoma yule mteja? Kwa Kiswahili umemwandikia "tunaomba radhi kwa dhati kwa kumuua mama yako". Na hiyo "sincerely" ndo imezidi kuharibu, wauaji wenye adabu.

Kwahiyo zile orodha za visawe ulizokuta ziogope. Kisawe maana yake si pacha, ni jirani. Wanakaa mtaa mmoja lakini kila mtu ana nyumba yake, na huwezi kuingia ya mwenzio ukalala eti kwa sababu mageti yanafanana.

Turudi kwa "sorry" kwa sababu hujapata jibu lako la kahawa. Uliuliza hivi hawa watu hawana pole, wanayo, ila wanaitoa kwa namna ambayo mwalimu wako hakukufundisha na wangu hakunifundisha. Siri iko kwenye mkia. Ukisema "Sorry!" peke yake, kavu, haina mkia, masikio ya Mwingereza yanasikia samahani. Palepale. Ndo maana bosi akakwambia si wewe, hakuwa na nia mbaya, kwake umekiri kosa la kumwaga kahawa ukiwa umekaa mbali huko. Lakini ukiiwekea mkia unaoonyesha jambo ni la mwingine, inageuka pole. "I'm sorry to hear that." "I'm sorry about your mother." "I'm sorry you had to go through that." Hizo zote ni pole safi na hakuna atakayekuuliza kama ni wewe. Kwahiyo sorry kavu ni samahani, sorry yenye mkia wa mwenzio ni pole, likariri hilo hata mengine yote ukisahau.

Na kwa vitu vidogo vya ghafla kama kahawa, mtu kujikwaa, mtu kujibamiza mlangoni, wao hawatumii sorry kabisa, wanashtuka. "Oh no!" Au "Ouch!" kama ni wao walioumia. Alafu wanauliza "Are you all right?" Hapo ndo pole yao ilipo, ndani ya swali. Ni baridi kidogo ukiniuliza mimi, lakini ndivyo walivyo.

Niseme pia, kusema "Sorry!" kavu kwa maana ya pole si kosa la kwako peke yako. Sehemu kubwa ya Afrika tunakitumia Kiingereza hivyo, Mnigeria anasema hivyo, Mghana pia, Mkenya pia, na baina yetu tunaelewana vizuri kabisa. Ni Kiingereza chetu na binafsi nakipenda kuliko chao kwenye hilo. Ila ukijua unayezungumza naye hakijui, unabadilisha, kama unavyobadilisha Kiswahili ukikutana na mtu wa lafudhi nyingine.

Kuna zile pole ambazo usijaribu kuzihamisha hata kidogo. Pole na kazi, pole na safari, pole kwa kunisubiri. Hiyo ya mwisho wanashukuru, "thank you for waiting". Hizo mbili za kwanza hawana, hawana tu, na ukimwambia mtu "sorry for work" atakaa anajiuliza amefukuzwa lini.

Sasa usidhani huu utata wa neno moja kubeba mawili ni hasara tu, kuna siku uliokoa watu. Tarehe 1 Aprili 2001 ndege ya upelelezi ya Marekani iligongana na ndege ya kivita ya China karibu na kisiwa cha Hainan. Rubani wa China, Wang Wei, akafa. Ile ya Marekani ikatua Hainan kwa dharura bila ruhusa ikiwa na watu 24, wakashikiliwa. China ikasema tunataka mtuombe radhi, Marekani ikasema hatuombi radhi kwa sababu hatukukosea. Watu wamekaa hapo siku zinakwenda. Mwishowe tarehe 11 balozi wa Marekani akapeleka barua, na ndani yake "very sorry" imo mara mbili, moja kwa familia ya rubani na watu wa China kwa kumpoteza mtu wao, nyingine kwa ndege kuingia na kutua bila ruhusa ya mdomo kukamilika. Neno "apologise" halimo. Wachina wakawaambia watu wao wameomba radhi, Wamarekani wakawaambia watu wao tumetoa pole tu, na wote wawili wangeweza kuonyesha neno lilelile kwenye karatasi ileile! Wale 24 wakarudi kwao. Hebu fikiria hiyo barua ingeandikwa kwanza kwa Kiswahili, ungelazimika kuchagua, pole au samahani, hakuna pa kujificha, na nadhani wangekaa Hainan zaidi.

Hapo ndo utaona supavaiza wako alikuwa na hoja ila aliishika kwa makali badala ya mpini. Ni kweli kampuni zinaogopa "sorry", wanaogopa mtu ataipeleka kwa mwanasheria aseme si walikiri hawa. Woga huo ni wa zamani na mpaka sheria zimetungwa kwa ajili yake, jimbo la Massachusetts huko Marekani lilianza 1986, British Columbia ya Kanada wakatunga sheria nzima ya kuomba radhi 2006, Ontario 2009, na Uingereza nao 2006 kwenye sheria yao ya fidia wakaweka kifungu kwamba kuomba radhi peke yake hakuhesabiki kuwa umekiri uzembe. Yaani serikali zilibidi ziingilie ili watu waweze kusemana pole hospitalini bila kuogopa kesi. Lakini sasa mtu anayeogopa "sorry" kwa sababu inakiri kosa, alafu anakwambia badala yake tumia "apologise", huyo amekutoa kwenye mvua akakuingiza mtoni. Sorry inaweza kuwa pole. Apologise haiwezi, yenyewe ni kukiri moja kwa moja. Mwambie hivyo kwa heshima, au usimwambie, we ndo unamjua.

Alichopatia ni kwamba sorry nyingi zinachosha. Mara moja kwa kosa moja inatosha, ya pili inakuwa kelele, na mteja akiona sorry nne kwenye meseji ya mistari mitano anaanza kutafuta ni nini kingine mmemficha.

Haya hao majirani wengine niwapitie haraka.

"Regret" ndo neno la watu wasiotaka kuomba radhi. Kwenye Kifaransa cha kale lilikuwa na maana ya kumlilia marehemu, leo ni kusikitika kwa kiofisi, lile la "tunasikitika kukujulisha" unaposoma barua ya kazi uliyokosa. Linasema laiti isingetokea, halisemi nani alifanya. Australia waliligombania hili miaka, kwa ajili ya watoto wa wenyeji wa asili waliochukuliwa kwa wazazi wao na serikali. Mwaka 1999 bunge chini ya waziri mkuu John Howard lilipitisha tamko la "deep and sincere regret", na Howard akagoma kwenda zaidi ya hapo. Wenyeji wakasema hiyo siyo. Tarehe 13 Februari 2008 waziri mkuu mpya, Kevin Rudd, akasimama bungeni akatamka "we say sorry", na watu wakalia, watu wazima. Na Mfalme Charles alipokuja Nairobi Oktoba 2023 akazungumzia ukatili wa enzi za ukoloni, akasema ana "greatest sorrow and the deepest regret". Hesabu mwenyewe maneno hayo, sorry haimo, apologise haimo, na waliokuwa wanasubiri walilisikia lile pengo. Kwahiyo kwenye kazi yako "regret" itumie kwa habari mbaya ambazo hamjazisababisha wala hamuwezi kuzibadilisha, bidhaa haitengenezwi tena na kadhalika, ila kwa mtu aliyefiwa usiiguse, inasikika kama barua ya benki.

"Excuse me" inatatiza kwa sababu samahani yetu inafanya kazi zote mbili, kabla na baada. Wao wamegawa. Kabla hujasumbua ni "excuse me", naomba kupita, naomba kuuliza. Ukishasumbua, umeshamkanyaga, ni "sorry". Mmarekani ataitumia hata baada kwa vitu vidogo, kupiga chafya na hivi, lakini ukifuata kabla na baada hukosei. Na "Sorry?" yenye sauti ya kupanda mwishoni siyo lolote kati ya hayo, ni sijasikia, rudia.

"Pardon" nayo ni sijasikia, na kwenye siasa ni msamaha wa rais kwa mfungwa. Kuna kituko chake, mwaka 1954 mwanaisimu mmoja Mwingereza, Alan Ross, aliandika jinsi maneno yanavyowatenganisha watu wa tabaka la juu na wengine huko kwao, na "pardon" ikawa kwenye maneno ambayo wakubwa hawayatumii, wao wakishindwa kusikia wanasema "what?" tu. Yaani wewe na mimi tunajikaza tuwe na adabu, kumbe lodi, yule mkubwa wa kwao, anasema tu "nini wewe?"

"Forgive me" acha kanisani na kwenye mapenzi. Hiyo ni nisamehe ya kupiga magoti. Mzigo umechelewa siku mbili unaandika "please forgive us", mteja atadhani umeupoteza na umeuza na pesa umekula.

Kuna vikosa vya sarufi pia nimeviona watu wetu wanafanya na nadhani na wewe umo, usikatae. Kwa Kiswahili nakuomba radhi, ile "ku" imo ndani, kwahiyo mtu anaandika "I apologise you". Hapana, ni "I apologise to you", na jambo lenyewe linafuata na "for". "Sorry for late" siyo, sema "Sorry I'm late". "Sorry for disturbance" siyo, kabla hujamsumbua ni "Sorry to bother you", ukishamsumbua ni "Sorry for bothering you". Na "you'll be sorry" si kwamba utapewa pole, hicho ni kitisho, utajuta, mtu akikuandikia hivyo pandisha kwa supavaiza haraka. "I feel sorry for you" nayo kuwa nayo makini, ni nakuonea huruma, na huruma ya juu kwenda chini, watu wanaitumia kutukana. Na ikikaa mbele ya nomino ni mambo mengine kabisa, "a sorry excuse" ni kisingizio cha hovyo, wala haina uhusiano na radhi.

Na moja ambayo hata wenyewe wanaichukia, "I'm sorry if you were offended", au "I'm sorry you feel that way". Ina mkia, ndio, lakini umekosea wewe alafu unatoa pole ya hisia zake. Ni ujanja wa kuchukua ule mlango mmoja na kupita upande wa pole wakati ulitakiwa upite upande wa samahani. Usiandike kamwe, na ukiandikiwa ujue umezungukwa.

Kipimo chako cha haraka kabla ya kubonyeza tuma ni hiki, jiulize kwa Kiswahili ningesema nini hapa. Ungesema pole, basi tumia "sorry" yenye mkia, na hapo "apologise" ni marufuku. Ungesema samahani, "sorry" inatosha. Ungesema naomba radhi, yaani kosa ni la kampuni na limemgharimu mtu, hapo ndo "apologise" inakaa kwenye kiti chake na inapendeza kweli. Unayo lugha inayotenganisha kitu ambacho lugha yao imekichanganya, itumie, we una faida kuliko wao.

Sasa yule mteja. Mjibu leo, siku tatu zinatosha, ukinyamaza utabaki kwenye kumbukumbu zake za msiba kama kichekesho kibaya. Usimweleze habari za lugha yako wala supavaiza wala mimi, hana muda huo, ana msiba. Andika hivi, mistari mitatu:

"I'm so sorry for your loss. My last message was badly worded, and I apologise for it. Please take all the time you need with the return."

Soma uone. Ya kwanza ni pole kwa mama yake, ya pili ni radhi kwa kosa lako, kila neno limekaa kwenye nyumba yake. Hiyo "take all the time you need" muulize kwanza supavaiza kama inaruhusiwa, kama hairuhusiwi weka tarehe uliyomuongezea. Usiongeze "once again sorry". Usiweke kiemoji. Akijibu vizuri usirudi tena na radhi nyingine, mjibu "thank you" na ufunge. Asipojibu pia sawa, hadaiwi jibu.

Hao wanaokuita muuaji hapo ofisini waandikie hiyo sentensi ya mama waambie waitafsiri kwa Kiswahili kwa sauti, mmoja mmoja, uone wangapi wangeishtukia kabla ya kuituma. Na bosi akimwagikiwa tena sema "Oh no, are you all right?" alafu mwachie ajifute.

Pole na kazi. Hii usiitafsiri.